Ponti imekwama na gari liko juu: hatua za kulishusha salama

Maswali ya mafundi wanaoanza hapa Goma kuhusu ponti, ile mashine ya garaji ya kuinulia gari, ni yale yale. "Ponti imekataa kushuka." "Inanguruma tu, haipandi." "Upande mmoja umebaki juu." Na mara nyingi anayeuliza amekwisha kuvuta mkono wa kushushia mara kumi, au tayari ameshika nyundo. Weka nyundo chini, usome mpaka mwisho kabla ya kurudi kwenye ponti.

Hatua hizi ni za ponti ya nguzo mbili inayotumia mafuta, ile ya tani 3.5 mpaka 4 inayoonekana kwenye garaji nyingi za mjini. Ponti ya vis (skrubu), yenye vis ndefu ndani ya nguzo na mota inayoizungusha, ina kanuni zake. Usichanganye.

Tukubaliane majina. Shario ni boksi la chuma linalopanda na kushuka ndani ya nguzo, likibeba mikono miwili. Sekirite ni ile kabari ya chuma inayoingia kwenye meno ya ngazi na kulizuia shario lisianguke. Vereni ni silinda ya mafuta inayosukuma. Kebo za usawa ni zile kamba za chuma zinazounganisha shario la kushoto na la kulia ili yapande pamoja. Umeme ukizungusha mota, mota inazungusha pompi, pompi inasukuma mafuta kwenye vereni. Kushuka hakuhitaji mota: valvu inafunguliwa, uzito wa gari unarudisha mafuta kwenye tangi.

Katika nadharia yote, hili ndilo la kushika: sekirite iliyobeba uzito haitoki. Imetengenezwa hivyo makusudi. Gari likikaa juu ya jino, hata ukivuta kamba ya sekirite kwa nguvu zako zote, haitasogea, kwa sababu imebanwa na uzito wa gari. Ili itoke, gari lazima liinuke kidogo kwanza. Ponti iliyokwama juu inashushwa kwa kupandishwa.

## Vya kuandaa kabla ya kugusa kitu

- Shandeli (stendi za chuma za kutegemeza gari) ndefu 2, bora 4, za kusimama chini ya gari lililo juu. Zile fupi za kubadilishia gurudumu hazifiki.
- Tochi yenye mwanga mkali. Ndani ya nguzo ni giza hata saa sita mchana.
- Mita ya kupimia urefu, na chaki.
- Multimeta yenye uwezo wa kupima zaidi ya volti 400.
- Funguo za 10 mpaka 24, na bisibisi.
- Kipande cha katoni cha kutafutia mvujo wa mafuta.
- Mafuta ya idroliki, lita 5 za akiba, ISO VG 32 au 46 kulingana na kibao cha pompi.
- Miwani ya kukinga macho, na mtu wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja: mmoja anabonyeza, mwingine anatazama nguzo ya pili.

Usitegemeze gari kwa mawe ya lava wala matofali, hata yakipangwa vizuri kiasi gani. Jiwe la lava lina matundu ndani, linapasuka ghafla bila kutoa dalili. Gogo moja la mkaratusi lililosimamishwa wima nalo linateleza mara tu gari linapotikisika. Na kriki (jeki) ya kushushia boksi ya giya ni ya boksi ya giya, haibebi gari.

## Hatua za kushusha gari lililokwama

1. Acha kubonyeza. Toa watu. Hakuna anayebaki chini ya gari, ndani yake, wala mbele au nyuma yake. Mwenye gari akitaka kuchukua simu yake iliyobaki kwenye kiti, mwambie asubiri.

2. Pima usawa. Kutoka sakafuni mpaka chini ya shario, pima nguzo ya kushoto, kisha ya kulia. Andika kwa chaki kwenye kila nguzo. Tofauti ya sentimita 1 ni ya kawaida, mara nyingi hata sakafu yenyewe si sawa. Ikizidi sentimita 2, au jicho likiona gari limeinama, ruka hatua hizi uende kwenye sehemu ya gari lililoinama hapa chini.

3. Tazama zile pedi nne, vikalio vya ncha za mikono vinavyogusa gari. Kila mkono uwe bado uko mahali pake chini ya chesi (fremu ya gari). Pedi moja ikiwa imeteleza hata kidogo, usiendelee.

4. Simamisha shandeli. Ziingize kutoka pembeni, bila kuweka kichwa chini ya gari. Zikae chini ya sehemu ngumu, mbele na nyuma: chesi au akseli, kamwe si chini ya tangi la mafuta wala kata ya injini (bakuli la oili chini yake). Zigusane na chuma, lakini usizikaze mpaka ziinue gari.

5. Mulika sekirite zote mbili. Nguzo nyingi zina kidirisha au kifuniko cha bati chenye vis 2 au 4. Fungua, mulika. Unatafuta jibu la swali moja: je, kabari imeingia kwenye jino na kulibeba shario? Ikiwa kebo za usawa zimelegea na kabari imebanwa, uzito wote uko kwenye sekirite. Ikiwa kabari ina nafasi ya milimita kadhaa kati yake na jino, uzito uko kwenye mafuta.

6. Panda kwanza, sentimita 3 mpaka 5. Bonyeza kitufe kwa vipindi vifupi. Mtu wa pili atazame nguzo isiyo na mota, kwa sababu huko ndiko wengi hawaangalii. Shario zote mbili lazima ziachane na kabari zake. Moja ikipanda na nyingine ikibaki, acha hapo hapo.

7. Toa shandeli. Hapa ndipo makosa mabaya hutokea. Gari likiwa juu ya mafuta na sawasawa, shandeli zinaondolewa *kabla* ya kushuka. Ukizisahau, shario zitashuka, gari litabaki limekalia shandeli, pedi zitaachana na chesi, na hapo hakuna tena kinacholishika upande. Zitoe zote, zihesabu, zipeleke ukutani.

8. Vuta sekirite, na uone kwa macho kwamba zote mbili zimetoka. Usiamini mkono wako wala sauti. Kamba ya sekirite inayovuka kutoka nguzo moja kwenda nyingine hurefuka kadiri miaka inavyopita. Upande wa karibu na mkono unatoka, ule wa mbali unabaki ukigusa jino kwa ncha tu. Ikiwa upande mmoja hautoki, rudisha gari likae kwenye sekirite, rudisha shandeli, kisha kaza kamba hiyo kwa skrubu yake ya kurekebishia mpaka kabari zote mbili zitoke pamoja.

9. Shusha sentimita 10, simama, pima tena. Vipimo vikiwa sawa na vya chaki ukiondoa zile 10, endelea mpaka chini bila haraka.

Kwa ponti nyingi zinazosemekana "zimekwama", kazi inaishia hapa. Kilichokosekana kilikuwa hatua ya 6.

## Umeme umekatika gari likiwa juu

Swali hili lina majibu mawili, kulingana na ulichokiona kwenye hatua ya 5.

*Uzito uko kwenye mafuta.* Unaweza kushusha bila umeme, ukiisha kutoa shandeli kama kwenye hatua ya 7. Pompi yenye mkono wa kushushia: vuta sekirite, fungua mkono polepole. Pompi yenye valvu ya umeme: kwenye ncha ya koili (sumaku ya umeme inayoifungua) kuna kifuniko kidogo, chini yake kuna kitufe au skrubu ya kufungulia kwa mkono. Igeuze kidogo kidogo, na ukimaliza uifunge kabisa, la sivyo kesho ponti haitapanda na utatafuta ugonjwa siku nzima. Ikiwa sekirite zenyewe zinavutwa kwa koili za umeme, zitolewe kwa mkono wake wa dharura kama ponti inao. Kama haina, usizifunge kwa waya ili zibaki wazi. Subiri umeme.

*Uzito uko kwenye sekirite.* Hapo ni lazima kupanda, na kupanda kunahitaji nguvu: pompi ya mkono ikiwa ponti yako ina tundu lake, au gurupu (jenereta). Kusubiri umeme urudi si aibu. Gari lililokaa kwenye sekirite mbili, limesawazika, na shandeli ziko chini, linaweza kulala hapo usiku mzima.

Kuhusu gurupu, ukubwa wake una maana. Mota ya kilowati 2.2 ya volti 220 inakula takriban ampea 14 ikizunguka, lakini inapoanza inavuta mara 4 au 5 ya hapo. Gurupu ndogo ya kVA 3 itazima au, vibaya zaidi, itatoa volti chache na mota itanguruma bila kuzunguka hadi iungue. Tafuta ya kVA 7.5 na kuendelea. Iweke nje, moshi wake unaua ndani ya garaji iliyofungwa. Na kabla ya kuiunganisha, zima disjonkteri kubwa (swichi kuu) ya jengo: umeme wa gurupu ukirudi kwenye laini ya mtaa unaweza kumuua anayetengeneza nyaya kwenye nguzo za umeme huko nje.

## Gari limeinama

Simama. Usishushe, hata kidogo. Gari linaloinama kisha likashushwa linaendelea kuinama.

Ikiwa pedi zote nne bado zimeshika na kebo za usawa zinaonekana nzima, simama kwenye nguzo ya mota, njia ya kukimbilia ikiwa wazi nyuma yako, na mtu wa pili akitazama kutoka mbali. Bonyeza kupanda kwa vipindi vya sekunde moja. Kinachotakiwa ni upande wa chini kupanda mpaka ukutane na wa juu. Ukipanda na vipimo vikakaribiana, endelea mpaka zilingane, acha sekirite zote ziingie, weka shandeli, ndipo utafute kwa nini.

Ukibonyeza na upande wa juu ukazidi kupanda, au ukasikia kebo ikilia kama uzi unaokatika, acha. Hali hiyo inahitaji kreni au forklifti ya kulibeba gari, na fundi wa ponti. Makanika wa injini haitoshi.

Sababu mara nyingi ni mojawapo ya hizi tatu: sekirite moja haikutoka wakati wa kushuka, kebo ya usawa imelegea, au kebo imekatika nyuzi. Kebo ikaguliwe ponti ikiwa tupu. Pitisha kitambaa kikavu juu yake, usipitishe mkono mtupu. Kitambaa kikinaswa, kuna nyuzi zimekatika, na kebo hiyo inabadilishwa. Kebo zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mpya na ya zamani hazirefuki sawa. Ukizikaza, kipimo kizuri ni sikio: ponti ikipanda tupu, sekirite za pande mbili zinapaswa kugonga meno kwa pamoja, *ta, ta, ta*. Ukisikia *tata, tata*, upande mmoja umechelewa.

## Haipandi kabisa

Kabla ya kufungua mota, pima volti wakati mwenzako anabonyeza kitufe. Kipimo cha ponti ikiwa imelala hakikuambii kitu. Saa ya jioni majirani wote wamewasha, unaweza kusoma 215 ponti ikiwa kimya na 170 inapoanza. Kwenye mota ya volti 220, ukisoma chini ya 200 mota ikiwa inazunguka, usiendelee kuilazimisha.

Mara nyingi waya wa garaji yenyewe ndio unaokula volti. Waya wa milimita mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, mota ikianza kwa ampea 60, unapoteza zaidi ya volti 40 njiani. Ukiweka wa milimita mraba 4, hasara inashuka hadi karibu 16. Kabla ya kununua mota mpya, badilisha waya.

Mota ya volti 380 ina ugonjwa wake: fazi moja ikikosekana, inanguruma na kupata moto bila kuzunguka. Pima fazi zote tatu, mbili mbili. Na kama kuna mtu aliyegusa nyaya za kibao, angalia mota inazunguka upande gani. Fazi mbili zikibadilishana nafasi, mota inazunguka kinyume na pompi haivuti mafuta. Zima, badilisha nyaya mbili zozote kati ya tatu, jaribu tena.

## Dalili na pa kuangalia

Kimya kabisa. Fizibo (fyuzi), disjonkteri, kisha kitufe chenyewe. Halafu tazama ule mti wa juu unaozima mota gari likikaribia dari: jeep yenye galeri (kibebeo cha mizigo juu ya paa) inausukuma kabla ya wakati. Ponti yenye kinga ya joto ndani ya mota huzimika baada ya kupandishwa mara nyingi mfululizo. Iache dakika 30.

Inanguruma, haizunguki. Volti chache, fazi imekosekana, au kondensateri (kile kikopo cha kuanzishia mota) imekufa. Kondensateri iliyovimba au inayotoa mafuta ibadilishwe kwa yenye mikrofaradi zile zile, na volti zile zile au zaidi. Kabla ya kuigusa, zima umeme na uipunguze chaji kwa kupitisha taa ya volti 220 kwenye ncha zake mbili. Inaweza kukupiga hata waya ukiwa umechomolewa.

Inazunguka, gari halipandi. Anza na mafuta: shusha shario zote chini, ndipo usome kiwango, maana ponti ikiwa juu mafuta yako kwenye vereni na tangi litaonekana tupu. Kisha chujio cha kuvutia ndani ya tangi, kisha uchafu kwenye valvu ya kushushia. Uchafu wa valvu mara nyingine unaondoka kwa kupandisha huku ukifungua valvu kwa sekunde chache, ponti ikiwa tupu. Usikaze ile skrubu ya presha iliyofungwa kwa rangi au risasi. Imewekwa kiwandani ili ponti ikatae mzigo uliozidi. Ponti ya tani 4 ina tani 1 kwa kila mkono; Land Cruiser tupu ina tani 2 na kitu, lakini ikija na magunia nyuma hesabu inaharibika upande mmoja. Pakua kwanza.

Inashuka kwa kuruka ruka. Hewa kwenye vereni, au shario zinakwaruza. Vumbi jeusi la lava ni adui wa ponti za Goma: linachanganyika na grisi ya zamani ndani ya nguzo, linakuwa kama msasa, na linakula zile pedi za plastiki ambazo shario linatelezea. Futa grisi yote ya zamani, weka mpya nyembamba. Kuongeza mpya juu ya chafu hakusaidii. Hewa inatolewa kwa kupandisha na kushusha ponti tupu mara 5 au 6, ukilegeza skrubu ya hewa ya vereni kama ipo.

Inashuka yenyewe polepole. Valvu haifungi au sili ya vereni (mpira wa kuzuia mafuta) inapitisha. Mvujo wa nje utafute kwa katoni. Usipitishe kiganja kwenye bomba. Mafuta yenye presha ya bari 150 na zaidi yanatoboa ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, lakini ni jeraha la upasuaji: nenda hospitali saa hiyo hiyo, useme wazi kwamba ni mafuta ya idroliki yameingia ndani.

Mafuta ya breki hayaingii kwenye tangi hili, yanavimbisha sili zote. Mafuta ya vidanji (oili chafu iliyotolewa kwenye injini) nayo hapana, hata yakichujwa kwa kitambaa.

## Kabla ya kurudisha ponti kazini

Panda na ushuke tupu mara 3, mpaka juu na mpaka chini. Kisha gari jepesi: pandisha mita 1, kalisha kwenye sekirite, likae dakika 10, pima pande zote mbili, halafu panda sentimita 5 na ushushe.

Mwisho, kaza buloni za miguu ya nguzo kwa ufunguo wa kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha ponti yako. Hapa usipite haraka. Garaji nyingi za mjini zimemwagiwa zege juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, na chini ya zege kunaweza kubaki mapango. Nguzo mbili zinahitaji zege nzima isiyopungua sentimita 10, iliyokauka siku 28. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ardhi ilitetemeka siku kadhaa na nyufa zikakatiza mji. Kila mtetemeko unaouhisi ni sababu ya kukagua buloni hizo asubuhi yake. Buloni ikizunguka bila kukaza, au ufa ukipita karibu na mguu wa nguzo, ponti isibebe gari mpaka zege ikatwe na kumwagwa upya.